Miwani inaumiza pua na kuacha alama: tatizo ni vipedi, fremu au ngozi?

Mwalimu_Kihonda:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa miwani mnisaidie, maana kila ninayemuuliza ananiambia "utazoea tu", na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua.

Fremu ni ya chuma, ina vipedi viwili vya pua vilivyofungwa kwa skrubu. Ndani ya mkono wake pameandikwa 54□16 140. Lenzi ni plastiki ya kawaida, namba -6.00 kila jicho, na kwenye cheti umbali wa mboni hadi mboni ni 62 mm. Inavaliwa kutwa nzima.

Upande wa kushoto wa pua unauma kuliko wa kulia, na alama yake ni mstari mwembamba pale kipedi kinapoishia kwa chini. Nikiinama kusahihisha madaftari, miwani inashuka hadi katikati ya pua. Vipedi vimekuwa vya njano, na kwenye maungio yake kuna uchafu wa kijani. Juu ya hayo, ngozi ya pale imeanza kuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine ya uso.

Nianzie wapi? Kubadilisha vipedi kunatosha, au fremu yenyewe hainifai? Na kipi naweza kufanya nyumbani kabla ya kwenda kwa fundi?

fundi_wa_lenzi:

Mwalimu, salama. Umetaja jambo ambalo wengi hawalitaji: umbo la alama. Ukilijua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Kipedi kilichokaa sawa hugusa ngozi kwa uso wake wote. Alama yake huwa ya umbo la yai, hafifu, na hufutika ndani ya nusu saa hivi ukishavua. Hiyo si ugonjwa. Alama ya mstari inamaanisha ukingo mmoja ndio unaobeba mzigo, na mahali mstari ulipo panakuonyesha kosa. Mstari ukiwa chini ya kipedi, vipedi vimesimama wima mno. Pua hupanuka kadiri inavyoshuka, kwa hiyo ncha za chini za vipedi lazima ziachane zaidi kuliko za juu. Mstari ukiwa juu, ni kinyume chake: vimetanuliwa mno kwa chini. Mstari ukiwa nyuma, upande wa jicho, vipedi vinatazamana sambamba wakati pua inazidi kupanuka kuelekea shavuni, basi ukingo wa nyuma unachimba. Na ukiwa mbele, karibu na mgongo wa pua, vimefunguliwa mno kwa nyuma.

Wewe una mstari wa chini, tena kushoto tu. Kabla hujagusa chochote, shika kipedi cha kushoto kwa kucha ukitikise taratibu. Kinatakiwa kicheze kidogo ndani ya kile kikombe kinachokishikilia, kama cha kulia. Kimetengenezwa hivyo makusudi ili kijiegeshe chenyewe kufuata mteremko wa ngozi. Kikiwa kimekakamaa, sababu mara nyingi ni skrubu iliyokazwa kupita kiasi, uchafu ulioganda ndani ya kikombe, au gundi ya papo hapo ambayo mtu alitia kilipolegea. Gundi hiyo ni adui mkubwa wa pua: kipedi hakichezi tena, ukingo wake unageuka kisu, na kukibadilisha baadaye ni kazi ya kuvunja.

Halafu pima fremu juu ya meza. Tandaza kioo au sehemu bapa kabisa, geuza miwani kichwa chini huku mikono imefunguliwa, na uangalie kama vinagusa vituo vyote vinne: juu ya lenzi mbili na mikono miwili pale inapoanza kupinda kwa ajili ya sikio. Kituo kimoja kikiwa kinaelea, fremu imepinda, na upande mmoja wa pua unabeba zaidi ya mwenzake. Kuvua kwa mkono mmoja ndiko kunakopinda miwani nyingi, kisha kuiweka juu ya kichwa, ambako hutanua mikono, na kulala ubavu ukisoma.

Ila meza si hakimu wa mwisho. Masikio ya watu wengi hayako usawa mmoja, kwa hiyo fremu iliyonyooka mezani inaweza kukaa upande usoni. Vaa, simama mbele ya kioo, mtu mwingine akutazame kutoka mbele na kutoka juu ya kichwa. Lenzi iliyopanda juu kuliko mwenzake, mkono wa upande huo ndio unaopindishwa kwenda juu kwenye bawaba, na lenzi inashuka. Lenzi iliyokaribia uso kuliko mwenzake, mkono wa upande huo ndio unaoingizwa ndani. Watu hushangaa kwa nini, lakini mkono ukiingizwa ndani hukibana kichwa mapema na kusukuma upande ule wa mbele utoke. Iliyo mbali na uso, mkono wake utoke nje.

Sasa kuteleza. Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu wanadhani miwani ikiteleza dawa ni kuibana. Tazama mkono kuanzia kwenye bawaba hadi sikioni. Unatakiwa uende bila kugusa kichwa mpaka karibu kabisa na sikio. Ukiwa unabana kipaji pembeni ya jicho, kichwa chenyewe kinausukuma mbele kila unapotafuna au kuzungumza, na kadiri unavyoubana zaidi ndivyo miwani inavyozidi kutoka. Hiyo inatanuliwa. Kisha tafuta mahali mkono unapoanza kupinda kuelekea chini. Panatakiwa pawe juu tu ya shina la sikio. Pitisha kidole: ukikuta nafasi kati ya sikio na huo mpindo, miwani ina ruhusa ya kusogea mbele kiasi hichohicho kabla sikio halijaizuia, na kazi yote ya kuishika inabaki puani. Mpindo ukianzia mbele ya sikio, nyuma ya sikio ndiko kutakakouma. Sehemu inayoshuka nyuma ya sikio ilale ikifuata mfupa, isiuchome kwa ncha.

Mpindo wa ncha za plastiki hubadilishwa kwa joto. Chovya ncha tu, lenzi zisiguse, kwenye maji ya moto ambayo hayachemki, kwa nusu dakika hivi, nyoosha mpindo wa zamani, chovya tena, pinda mahali papya, kisha shika hadi ipoe. Usiiweke miwani nzima kwenye maji ya moto wala mbele ya feni ya nywele: utando wa kuzuia mng'ao juu ya lenzi hupasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui, na haurekebishiki.

Mikono ya kipedi, zile waya mbili nyembamba zilizopinda, ni bora aziguse fundi mwenye koleo lenye midomo ya plastiki. Zimechomelewa, na ukizipinda huku na huku mara kadhaa, uchomeleaji unakatika. Kama huna njia nyingine, sukuma kwa kidole gumba kidogo kidogo, chini ya milimita moja kila hatua, pande zote mbili sawasawa, na uvae uangalie kila mara. Ukivisogeza vipedi karibu, miwani inapanda. Ukivitenganisha, inashuka. Kwa hiyo miwani inayobana pua na pia kukaa juu mno inaponywa kwa tendo hilo moja.

Kuhusu namba za fremu yako nitarudi, zina habari nyingi.

Binti_Pangani:

Naongezea kuhusu kubadilisha vipedi, maana hilo unaweza kulifanya mezani kwako leo.

Tandaza taulo nyeupe kwanza. Skrubu ya kipedi ni ndogo kuliko punje ya mchele na ikiruka sakafuni hutaiona tena. Tumia bisibisi ya saa inayoingia sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, kwa sababu ndogo mno au kubwa mno inakula mfereji. Toa kipedi cha zamani na ukipime urefu kwa rula: vingi ni vya milimita 13 au 15. Kama una nafasi kwenye fremu, chukua 15. Kipedi cha 15 kina eneo kubwa kuliko cha 13 cha umbo hilohilo kwa karibu theluthi moja, na uzito uleule ukienea juu ya eneo kubwa, ngozi inapumua. Angalia pia aina ya mshiko: kuna vya skrubu na kuna vya kubonyeza, ambavyo havina tundu bali kipembe kinachoingia kwa mlio. Haviingiliani. Vipedi vya umbo la tone huwekwa ncha nyembamba ikiwa juu.

Silikoni ni laini na haitelezi, ndiyo maana naipendekeza kwa mtu wa jasho jingi, lakini hunyonya mafuta ya ngozi, huwa ya njano na huchakaa mapema. Ikianza kubadilika rangi au kuwa ngumu, badilisha, usingoje ikatike. Plastiki ngumu hudumu zaidi ila huteleza. Titani haina shida na jasho, lakini ni ngumu na inataka vipedi vipangwe kwa usahihi, la sivyo utahisi kila ukingo.

Kaza skrubu mpaka isimame, basi. Kipedi kibaki kinacheza, kama alivyosema fundi. Ikiwa skrubu inalegea kila wiki, fundi ana dawa ya kushikilia nyuzi za skrubu. Tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kichwa cha skrubu nalo husaidia kwa muda. Ni kwenye skrubu tu, si kwenye kipedi.

Huo uchafu wa kijani ni shaba. Fremu nyingi za chuma za bei ya kawaida zina shaba ndani yake, na pale utando wa nje ulipokwaruzika, jasho lenye chumvi hula shaba na kutoa kijani hicho. Maana yake si kwamba una mzio, lakini uchafu huo hukwaruza na kukusanya mafuta na vijidudu. Usafi wake: maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo isiyo na losheni, mswaki laini wa zamani kwa maungio ya vipedi tu, suuza, kausha kwa kitambaa laini cha miwani. Fanya hivyo kila jioni sehemu za joto kama Morogoro au Tanga. Asetoni na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zisikaribie plastiki ya fremu, zinaiyeyusha. Na khanga au pindo la shati juu ya lenzi kavu ni mchanga juu ya kioo.

Asubuhi nawa pua kwa sabuni, ukaushe. Ukipaka losheni au dawa ya kujikinga na jua, acha dakika 10 hadi 15 iingie kabla ya kuvaa, na pale vipedi vinapokaa pitisha kitambaa kikavu. Vaselini na mafuta ya nazi puani mchana yanaifanya miwani yoyote iteleze, hata iliyonyooshwa vizuri.

NgoziNaJua:

Mimi nitasema upande wa ngozi, kwa sababu hapo ndipo watu hujiumiza zaidi wakitafuta nafuu.

Weusi unaouona ni rangi inayobaki baada ya ngozi kusumbuliwa muda mrefu. Ngozi yetu nyeusi hujibu msuguano kwa kutoa rangi zaidi. Haitaondoka kwa krimu yoyote ikiwa kipedi bado kinachimba palepale. Ondoa mgandamizo kwanza, halafu krimu ya kujikinga na jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, kisha subira ya miezi. Krimu yenye niasinamaidi, au asidi ya azelaiki ambayo duka la dawa linaweza kukueleza namna ya kuitumia, husaidia kuharakisha. Mkorogo usiuguse. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zinaharibu ngozi, na hapo kipedi kinasugua kutwa nzima juu ya ngozi iliyodhoofishwa. Vivyo hivyo krimu kali za steroidi kama betamethasoni na klobetasoli zinazouzwa holela: zinatuliza muwasho siku mbili, kisha zinaikonda ngozi mpaka inachubuka kwa uzito mdogo tu.

Ngozi ikiwa tayari imechubuka, pumzisha pua. Vaa miwani ya zamani kama namba yake haiko mbali, au vua kila unapoweza. Osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha, paka vaselini nyembamba usiku tu. Ukilazimika kuvaa, plasta ya jeli inayotumika kwa malengelenge, iliyokatwa ndogo na kingo zake zikakatwa mviringo, ni afadhali kuliko pamba au karatasi ya chooni. Hizo hunyonya jasho, huvimba, na hubadilisha mkao wa miwani ukaanza kuumia mahali pengine.

Muwasho ni habari nyingine. Maumivu ni ya mgandamizo, muwasho wenye vipele vidogo, magamba au majimaji ni dalili ya mzio. Kama hereni za bei rahisi au mkanda wa chuma wa saa hukuwasha pia, shuku nikeli, chuma kinachochanganywa kwenye vitu hivyo. Tazama kama sehemu ya chuma, yaani mkono wa kipedi au kikombe chake, inagusa ngozi yenyewe. Mara nyingi kipedi kimechakaa pembeni na chuma kimetokeza. Fremu ya titani halisi au ya plastiki nzima inamaliza tatizo. Kupaka rangi ya kucha juu ya chuma kunasaidia wiki chache tu, kisha inabanduka.

Kuna jambo moja ambalo naomba kila anayesoma uzi huu alibebe kwa uzito. Mgandamizo wa miwani wa muda mrefu unaweza kuotesha uvimbe mgumu wenye mfereji katikati, pale kipedi kinapokaa au nyuma ya sikio. Miwani ikirekebishwa, uvimbe huo kwa kawaida hupungua wenyewe kwa wiki kadhaa. Tatizo ni kwamba aina mojawapo ya saratani ya ngozi inafanana nao kwa macho. Kwa hiyo kidonda au uvimbe wa puani usiopona ndani ya wiki 4 baada ya kurekebisha fremu, unaotoa damu kwa kuguswa, au unaorudi kila ukipona, uonwe na daktari wa ngozi, usiishie kwa fundi miwani. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wengi huvaa miwani kutwa na ngozi yao haina kinga dhidi ya jua, msingoje hata hizo wiki 4. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kina huduma mahsusi kwao, na ndiko krimu ya kujikinga na jua ya Kilisun inakotengenezwa.

fundi_wa_lenzi:

Nimerudi kwenye 54□16 140. Namba ya kwanza ni upana wa lenzi moja, 54 mm. Ya pili ni nafasi kati ya lenzi na lenzi, yaani sehemu inayovuka pua, 16. Ya tatu ni urefu wa mkono, 140.

Jumlisha mbili za kwanza: 70. Huo ndio umbali kati ya vitovu vya lenzi mbili kwenye fremu yako. Mboni zako ziko 62. Tofauti ni 8, kwa hiyo kila lenzi ililazimika kusogezwa milimita 4 kuelekea pua ili kitovu cha namba kikae mbele ya mboni. Lenzi ya kutoa, yaani ya namba yenye alama ya - kama yako, huwa nyembamba katikati na nene pembezoni, basi kusogeza huko kumeacha ukingo mnene sana upande wa sikio. Kwa hesabu ya makadirio, kwa namba -6.00, plastiki ya kawaida ya 1.50 (hicho ni kipimo cha jinsi lenzi inavyopinda mwanga, kikiwa kikubwa lenzi huwa nyembamba), unene wa katikati 2 mm, ukingo wako wa nje unakaribia 7.8 mm. Ndiyo maana miwani yako inaelemea mbele, na ndiyo maana inashuka unapoinama.

Ungechukua fremu ya 46□20, jumla ni 66, kila lenzi inasogea 2 tu. Ukingo unashuka hadi karibu 5.8 mm kwa plastiki ileile. Sasa linganisha: ukibaki na fremu ya 54 na kulipia lenzi nyembamba za 1.67, katikati 1.5 mm, utapata pia karibu 5.8. Yaani kuchagua fremu ndogo kumekupa wembamba uleule bila gharama ya lenzi ghali, na uzito umepungua zaidi kwa sababu lenzi yenyewe ni ndogo. Hili ningependa kila mwenye namba kubwa alijue kabla ya kuchagua fremu kwa fasheni. Lenzi kubwa zinapendeza ukutani dukani, kisha pua ndiyo inayolipa.

Kuhusu malighafi: kioo halisi kina uzito wa karibu gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo, plastiki ya kawaida 1.3, na aina nyingine mbili za plastiki, polikabonati 1.2 na Trivex 1.1. Hivyo mtu anayevaa kioo cha zamani akihamia plastiki, uzito wa lenzi unapungua karibu nusu kwa lenzi za ukubwa na unene ule ule. Ila lenzi nyembamba za 1.67 si nyepesi kwa ujazo, ziko karibu 1.35. Nafuu yake inatokana na wembamba, kwa hiyo kwa namba ndogo kama -1.50 utalipa fedha nyingi na pua haitahisi tofauti.

Fremu ya chuma yenye vipedi inasamehe kosa la namba ya kati, kwa kuwa vipedi vinasogezwa. Fremu ya plastiki isiyo na vipedi haisamehe.

Mzee_wa_Bandari:

Hapo kwenye plastiki nidakie, maana huku Mombasa vijana wote wanataka zile fremu nene nyeusi.

Mwamba wa pua wa wengi wetu uko chini na ni mpana. Fremu nyingi zinazoletwa zimekatwa kwa mwamba mrefu na mwembamba. Ukivaa, moja kati ya mambo mawili hutokea. Nafasi ikiwa nyembamba kwako, fremu inabana pembeni kwa alama mbili za kina na hukaa juu. Nafasi ikiwa pana au mteremko wake ukiwa haukufuati, fremu inashuka hadi inaegemea mashavu, na ukicheka inapanda. Jaribu dukani: cheka kwa nguvu, inama utazame viatu vyako, tikisa kichwa. Ikisogea kwenye mashavu, iache hapo hapo hata kama imekupendeza. Hakuna kunyoosha kutakakoigeuza.

Ukiwa tayari unayo, kuna njia mbili. Vipande vya silikoni vya kubandika vinauzwa, unene wa milimita 1 hadi 2.5. Futa sehemu ya ndani ya fremu kwa sabuni na maji, kausha kabisa, bandika pande zote kwa urefu uleule ukiwa umeivaa kwanza na kutia alama kwa penseli, bonyeza nusu dakika kila kimoja, na usivae mpaka kesho yake ili gundi ishike. Anza na nyembamba. Kwenye joto la Pwani gundi hiyo huachia mapema, ukubali kuvibadilisha. Njia ya kudumu ni fundi mzuri kupiga msasa ile sehemu ya plastiki na kuingiza mikono ya chuma yenye vipedi vya kawaida. Inawezekana kwa plastiki ya asetati. Kwa zile fremu nyepesi zinazopinda sana, zenye maandishi TR90, mafundi wengi hukataa, na wako sahihi. Hizo hazishiki umbo jipya kwa joto la kawaida, vilevile zile za chuma zinazorudi zenyewe ukizikunja.

Vile vishikizo vya silikoni vya nyuma ya masikio vinafaa kwa anayekimbia au kutoa jasho kazini, lakini vivae baada ya mpindo kuwekwa mahali pake. Vikivutwa kufidia fremu mbaya, vinaikaza miwani kwenye pua na maumivu yanaongezeka.

Kwa watu wa bodaboda: kofia ngumu hubana mikono ya miwani na kuitanua kidogo kidogo. Vaa kofia kwanza, kisha ingiza miwani, na chagua mikono myembamba iliyonyooka.

Mwalimu_Kihonda:

Wakuu, nashukuru sana, nimeelewa mengi. Nimeangalia: kipedi cha kushoto hakichezi kabisa, kuna kitu kigumu cheupe ndani ya kikombe. Kwenye meza mkono wa kulia unaelea. Mpindo wa mikono yote unaanza nyuma ya sikio, kidole kinapita.

Maswali mawili ya mwisho. Kikombe chenye gundi kinaokolewa vipi? Na mama yangu ana miwani ya namba mbili, ile yenye mstari, naye analalamika pua. Naweza kumnyooshea vipedi mwenyewe kwa maelekezo haya?

fundi_wa_lenzi:

Gundi hiyo usiikwangue kwa sindano wala kuiwekea asetoni, italainisha utando wa fremu na plastiki ya ncha. Mpelekee fundi akate kipedi, asafishe kikombe, au abadilishe mkono wa kipedi wote kama kikombe kimeharibika. Ukiwa hapo hapo mwambie mambo matatu kwa mpangilio huu: aisawazishe fremu hadi vituo vinne viguse, asogeze mpindo wa masikio mbele, kisha ndipo apange vipedi vipya. Akianza na vipedi, atalazimika kuvipanga mara mbili, kwa sababu mkao wa puani hubadilika masikio yakibadilika. Maduka mengi hunyoosha bila malipo fremu waliyoiuza wenyewe.

Usiondoke bila kuvaa ukiwa umekaa na kuinama kana kwamba unasahihisha. Kwa namba -6.00 mwangalie pia asikusogezee lenzi mbali au karibu na jicho. Kawaida kuna milimita 12 hadi 14 kati ya lenzi na jicho, na kwa namba zaidi ya 4.00, mabadiliko ya milimita chache huhisika kama namba imebadilika.

Miwani ya mama usiiguse. Mstari wa chini uliwekwa kwa kipimo cha jicho lake mkao ule ule. Ukisogeza vipedi karibu, miwani inapanda, na mstari ukipanda milimita 2 tu utaingia kwenye njia ya kuona akitembea, anaweza kukosea ngazi. Ukivitenganisha, mstari unashuka na atainua kidevu kutwa nzima ili asome, shingo iume. Mfanyie usafi, mbadilishie vipedi kwa vya ukubwa na unene uleule wa vya zamani, na uangalie mpindo wa masikio, kwani wazee wengi miwani yao inashuka kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa bado inamuuma, apelekwe kwa aliyeipima, naye anyooshe akiwa anautazama mstari wa lenzi ukiwa usoni kwa mama.

NgoziNaJua:

Na ukimpeleka, mtazame ngozi chini ya vipedi kwa mwanga wa dirishani. Ngozi ya wazee ni nyembamba, inachanika bila yeye kuhisi. Ukikuta jeraha, silikoni laini ya milimita 15, na avue miwani anapopumzika, mpaka pafunge.

Mwalimu_Kihonda:

Nimeelewa. Jumamosi naenda kwa fundi na zangu, ya mama naisafisha tu. Fremu inayofuata natafuta 46 au 48.

fundi_wa_lenzi:

Ukichukua 48, tafuta 48□18: jumla ni ileile 66. Na mikono 140 ibaki, kama ya sasa imekufikia sikioni na bado ikabaki ya kupinda.